Kama Lilivyo

Katika mikataba ya kuuziana magari inayoandikwa siku hizi Korogwe na Handeni, na bila shaka kwingineko pia, kuna sentensi moja ambayo haikosekani. Husema kwamba mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo kama lilivyo. Ni sentensi fupi, yenye adabu, na ukiisoma haraka huoni neno baya ndani yake. Mimi nasema ni sentensi ya wizi, na wale wanaoiandika, wanaoipiga mhuri na wanaoishuhudia huku wakijua kazi inayofanya wanamshikia mwizi ngazi.

Maneno hayo ni makali, basi ni haki msomaji aonyeshwe gari lenyewe.

Mwalimu mwenzangu, mama aliyefundisha watoto wa wilaya hizi mbili kwa zaidi ya miaka thelathini, alistaafu akalipwa kiinua mgongo chake. Hakukimbilia kujenga nyumba ya pili wala kumtajirisha mganga. Alikaa akapiga hesabu. Aliona kwamba minada yetu ya vijijini haina mtu wa kuuza sare, madaftari na viatu vya shule kwa bei ya haki, na kwamba mwenye biashara hiyo hulazimika kulala hukohuko ili awahi kupanga vitu alfajiri. Akatafuta gari la kubeba mzigo na la kulala ndani. Akapata Hiace ya otomatiki iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutengenezwa kwa ajili ya watu wa matembezi: kitanda cha mbao cha kukunja, kabati dogo, sinki la kunawia mikono, mapazia dirishani. Ilikuwa nyumba juu ya magurudumu, na ilimfaa kana kwamba aliyeitengeneza huko Japani alikuwa amesikia mpango wake.

Alilijaribu kabla ya kulipa, tena alikwenda na dereva. Walipewa gari asubuhi na mapema, wakazunguka nalo mjini Korogwe kwenye lami, mwendo wa dakika kumi na tano, wakarudi. Gari lilikwenda kama maji. Mkataba ukaandikwa, ile sentensi ikiwa mahali pake, fedha zikahesabiwa.

Katika wiki ya tatu, akitoka Mkata kwenda Handeni na mzigo kamili, saa nane mchana, injini ilianza kunguruma bila gari kuongeza mwendo. Akikanyaga mafuta, injini inapanda, magurudumu hayaitikii. Alisimama kando, gari likapoa, likaenda tena kilomita chache, likarudia. Kesho yake hata kurudi nyuma lilikataa. Likafungwa kamba nyuma ya lori likavutwa kutoka Handeni hadi Korogwe, kilomita 65 hivi, magurudumu ya nyuma yakizunguka barabarani. Huo ulikuwa msiba juu ya msiba, kwa maana pampu ya oili ndani ya giaboksi ya otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, vyuma vinasagana bila kulainishwa. Wenye lori walifikiri wanamsaidia.

Fundi alipoifungua giaboksi alikuta oili inanuka kama kitu kilichoungua, na chembe za chuma zimetulia chini ya sampo. Hayo ni ya kawaida kwa giaboksi iliyochoka. Lakini alikuta na mambo mawili mengine. Gundi iliyoziba sampo ilikuwa mpya, maana yake kuna mtu aliyeifungua siku si nyingi akaona anachokiona yeye. Na kwenye dashibodi, ile taa ndogo iliyoandikwa O/D OFF, ambayo katika Toyota nyingi za zamani humwekamweka giaboksi inapokuwa na hitilafu, haikuwa na balbu. Taa za kushoto na kulia kwake zilikuwa na balbu zao.

Narudia ili jambo hili lisipite: balbu haikuungua. Ilitolewa.

Sasa sikilizeni yaliyosemwa mjini. Wa kwanza walisema otomatiki si gari la huku kwetu, ni gari la mjini, la watu wanaoogopa klachi. Wa pili wakasema mtumba ni mtumba. Wa tatu, na hawa ndio walionitia uchungu, wakasema mwenye macho haambiwi tazama, mwalimu mzima aliyesoma amekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliyetoa balbu hakutajwa na mtu. Baadaye nilimsikia akisifiwa kwamba kijana yule ni mjanja, anajua biashara.

Hao wa kwanza wanaisingizia mashine. Otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, ile iliyoitwa Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors, ilifungwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na baada ya muda mfupi Wamarekani wakaifunga ndani ya vifaru vyao vyepesi vya Vita Kuu ya Pili. Mashine iliyobeba kifaru katika matope ya vita haishindwi na vumbi la Kabuku. Sisi wa rika langu tulikulia kwenye Land Rover, Bedford na Kombi za klachi kwa sababu hizo ndizo zilizokuwapo. Magari yalikuwa haba mno hadi bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na baada ya hapo mitumba ya Japani ikaanza kumiminika. Otomatiki zilikuja katika mkondo huo. Hatukuzichagua, wala hazikutukosea.

Ni kweli otomatiki inatofautiana na gia za mkono katika jambo moja kubwa, nalo ndilo linaloifanya iwe rafiki wa mwongo. Gia za mkono zikichoka hupiga kelele: klachi inanuka, meno yanakwaruza, mkono wa dereva unasikia. Otomatiki huficha. Badala ya klachi ya mguu kuna bakuli lililojaa oili. Injini huizungusha oili, na oili huizungusha giaboksi, kama feni mbili zinazotazamana, ukiiwasha moja upepo wake ukaisukuma ya pili. Ndani zaidi kuna sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati, nazo hubanwa na nguvu ya oili ili gia ishike. Sahani zikilika, na mipira inayozuia oili ikikakamaa, nguvu ya kubana hupungua. Oili ikiwa bado baridi ni nzito, basi giaboksi mbovu huweza kushika vizuri kabisa kwa dakika kumi au ishirini. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani, sahani zinateleza, zikiteleza zinaungua, na zikiungua ndipo mnunuzi anapoyajua aliyoyajua muuzaji.

Zipo pia zenye ugonjwa wa kinyume, zinazosuasua zikiwa baridi na kutulia zikipata moto. Gari la namna hiyo utalikuta limewashwa saa nzima kabla hujafika, na utaambiwa kijana alikuwa analiosha.

Kwa hiyo nawauliza wenye methali: macho gani? Macho ya mnunuzi yataona rangi, viti, tairi na mapazia. Hayaoni ndani ya sampo. Kipimo halisi cha giaboksi hiyo kingekuwa kulipeleka gari Mombo, kulipandisha zile kona za kwenda Soni na Lushoto likiwa na mzigo, kusimama katikati ya mlima na kuondoka tena, kisha kurudi na kunusa oili. Mwambie muuzaji wetu kwamba unataka kufanya hivyo kabla ya kulipa. Atakuambia mafuta ghali, atakuambia kuna mteja mwingine anakuja saa sita, atakuambia, “Mzee wangu, kwani huniamini?” Anakunyima nafasi ya kuona, halafu anakuandikisha kwamba umeona.

Hapo ndipo ubaya wa sentensi ile ulipo. Haisemi gari ni zima, wala haisemi ni bovu. Kazi yake ni kuuhamisha ujuzi kutoka kichwani mwa anayejua na kuuweka, kwa kalamu tu, kichwani mwa asiyejua.

Na ujuzi huo upo. Usidhani gari la mtumba ni kama mtoto aliyeokotwa, halina historia. Huko Japani gari hukaguliwa na serikali linapotimiza miaka mitatu tangu likiwa jipya, na baada ya hapo kila miaka miwili. Mengi ya magari yanayoletwa kwetu hupita kwenye minada ya huko, na mnadani kila gari huandikiwa karatasi yake: daraja, kilomita, mikwaruzo yote imechorwa kwenye picha ya gari, na kama liliwahi kugongwa na kukarabatiwa inaandikwa. Mkaguzi akiona hitilafu ya injini au gia, huitaja. Mjapani anamwuzia Mjapani mwenzake gari kuukuu akiwa ameliandika kasoro zake ubavuni. Karatasi hiyo huvuka bahari ya Hindi mikononi mwa mawakala. Ni wanunuzi wangapi wa Korogwe waliopata kuiona? Inapotelea njiani kati ya bandari na yadi, na badala yake inazaliwa karatasi nyingine yenye ile sentensi yetu. Serikali nayo huhesabu miaka ya gari na kutoza ushuru wa uchakavu. Kenya wamekwenda mbali zaidi, hawapokei gari lililozidi miaka minane. Sawa, lakini miaka si giaboksi. Gari la miaka kumi na tano lililobadilishwa oili kwa wakati linaweza kulizika la miaka saba lililotiwa oili isiyo yake. Na oili hizi haziingiliani, yenye alama ya T-IV si sawa na yenye alama ya WS, na otomatiki zile za mkanda wa chuma zina yake peke yake. Fundi wa njiani mwenye chupa moja kwa magari yote ameua nyingi.

Swali hili la muuzaji anyamaze au aseme si geni duniani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika juu ya mtu anayeuza nyumba huku akijua kwamba mbao zake ni mbovu na kwamba nyoka huonekana katika vyumba vyote vya kulala, na mnunuzi hajui. Akawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Mmoja, Diogenes wa Babeli, alimtetea muuzaji: je, amekulazimisha kununua? Mwenzake, Antipater, akasema kumwacha mtu aangukie hasara kwa sababu ya ujinga uliouona naye hauoni ni sawa na kumwona msafiri amepotea njia ukakataa kumwelekeza. Cicero alikuwa upande wa Antipater. Na Waislamu wenzetu, ambao ndio wengi Handeni, wanaifahamu habari ya Mtume alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Katika fikihi yao mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana haki ya kurudisha. Nimewaona watu wanaosali safu ya mbele wakiuza magari kana kwamba hawajapata kuisikia habari hiyo, na Wakristo wenye mizani ya Mithali vinywani hawapungui.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya dini na falsafa, biashara ina sheria zake. Vema, twende kwenye biashara. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapa makala kuhusu soko la magari yaliyotumika; majarida matatu yalikuwa yameikataa kabla ya hapo, na mwaka 2001 ilimsaidia kupata Tuzo ya Nobel. Wamarekani huliita gari bovu lililofichwa ubovu “limau”. Akerlof alionyesha kwamba mahali ambapo muuzaji anajua na mnunuzi hajui, mnunuzi mwenye akili hutoa bei ya wastani ili ajikinge. Kwa bei hiyo mwenye gari zima haoni faida, analiondoa sokoni, yanabaki malimau. Bei inashuka tena, wazima zaidi wanaondoka. Mwisho soko zima linaoza kwa ajili ya siri. Kwa hiyo yule kijana mjanja hakumwibia mwalimu peke yake. Amempunguzia bei kila mtu mwaminifu wa Korogwe anayetaka kuuza otomatiki yake nzima mwaka huu.

Na sheria? Tunayo, tena tangu mwaka 1931. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo iliigwa kutoka ile ya Uingereza ya mwaka 1893, inaanza kwa kumwambia mnunuzi ajihadhari, halafu inaweka mipaka. Mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, akielezwa na mnunuzi matumizi anayoyataka na mnunuzi akategemea ujuzi wake, huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa inafaa kwa matumizi hayo, hata kama hakutamka. Mnunuzi akikagua, anapoteza kinga kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ungepaswa kuzifichua. Lakini ukaguzi upi wa dakika kumi na tano unafichua sahani zilizoungua ndani ya chuma? Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kutoa balbu ya taa ya hatari ni kupotosha, hakuhitaji kamusi.

Wauzaji wetu wanaijua sheria hiyo kuliko wanunuzi, ndiyo maana wamebuni kinga mbili. Ya kwanza ni sentensi yetu. Ya pili ni kulifanya gari lionekane la mtu binafsi. Utaona limeegeshwa yadi, limeoshwa yadi, bei imepangwa yadi, lakini likija suala la mkataba unaambiwa mwenyewe ni mtu fulani yuko safarini, kadi ina jina lake, sisi ni madalali tu tunamsaidia. Kwa nini? Kwa sababu kinga za sheria zinambana zaidi anayeuza kwa kazi kuliko raia anayeuza gari lake moja. Mwalimu mwenzangu aliporudi na ripoti ya fundi, yadi ilimwelekeza kwa mwenye kadi, na simu ya mwenye kadi haikupatikana.

Naijua hoja moja ya upande wa pili yenye uzito, na sitaikwepa. Kuna muuzaji asiyejua kweli. Alilinunua gari, akalitumia kidogo, hakuwahi kufungua kitu. Je, abebeshwe mzigo wa mambo yaliyofichika kwake pia? Hapana, simdai muuzaji ukamilifu wa malaika. Namdai kitu kimoja: aseme anachokijua, na asichokijua aandike kwamba hakijui. “Sijui hali ya giaboksi” ni maneno manne ya uaminifu. Mnunuzi akiyasoma atapunguza bei au atakwenda Mombo. Kwa miaka yote niliyokuwa mkuu wa shule niliandika barua za tabia za wanafunzi waliokuwa wakienda kazini na vyuoni. Kama kijana alikuwa na udhaifu nilioufahamu, niliuandika kwa upole, na kama sikumfahamu vizuri niliandika hivyo. Hakuna mwajiri aliyewahi kunirudishia barua akisema ukweli wangu umemharibia biashara. Wazazi wawili watatu walininunia, wakanyamaza.

Ninachotaka kiko ndani ya uwezo wetu bila kungoja Bunge. Mawakili, wenyeviti wa mitaa na wazee wanaoitwa kushuhudia mauziano waikatae ile sentensi. Badala yake mkataba uwe na fungu ambalo muuzaji anaandika kwa mkono wake mwenyewe anayoyajua kuhusu injini na giaboksi: lini ilifunguliwa, na nani, kwa nini. Karatasi ya mnada kama ipo iambatanishwe. Jina la yadi liandikwe kama muuzaji au mshiriki, si dalali asiye na uso. Na fundi wa mnunuzi apewe gari likiwa baridi, akae nalo mpaka lipate moto. Anayeona hayo ni mengi kwa mtu anayekabidhi malipo ya miaka thelathini ya chaki, aeleze ni nini kinachomtisha.

Mama yule sasa anatafutiwa giaboksi nyingine Dar es Salaam, nayo ni ya mtumba, imetolewa kwenye gari lililokatwa Japani, inauzwa ikiwa mezani, haiwezi kuwashwa ikajaribiwa. Ameulizia dhamana, akaambiwa inauzwa kama ilivyo. Ni mbuzi wa pili, katika gunia lilelile.

Mwezi uliopita nililetewa mkataba mwingine nishuhudie, wa Noah, mnunuzi akiwa kijana wa bodaboda aliyedunduliza miaka mitano. Nilisoma hadi kwenye mstari ule nikaweka kalamu chini. Nikamwambia muuzaji aufute, aandike pembeni anachokijua kuhusu giaboksi, ndipo nitie sahihi yangu. Alitabasamu, akasema, “Shikamoo mwalimu, mbona unatuletea ya darasani?” Nikaitikia marahaba yake, nikamsogezea kalamu. Aliitazama kitambo. Kisha akakunja karatasi zake, akasema kuna simu anakwenda kuipokea nje, na tulipochungulia dirishani Noah ilikuwa inaingia barabara kuu.